Kunde Zilizokufa Ncha

Karatasi ya mazishi ilikuwa na kurasa nne za rangi, na katika kurasa zote nne hapakuwa na neno hata moja la kusema kwamba Mama Mwende aliwahi kuajiriwa popote. "Marehemu alikuwa mkulima mwenye bidii na mpenzi wa kwaya." Basi, imetosha. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema nikaisoma sentensi hiyo mara tatu, na kila mara hasira ilizidi kunipanda. Miaka yake ya jasho katika kituo cha majaribio ya mbegu ilikuwa imefutwa, na waliofuta ni watu wake mwenyewe, kwa aibu, maana kuandika kwamba alifanya kazi pale kungemlazimu mtu aeleze aliondokaje. Mzee mmoja aliyekaa mbele yangu alimwinamia mwenzake. "Si ni huyu walisema aliiba chokaa ya kituo?" Mwenzake akaguna. "Ni yeye. Alipaka nyumba." Nilitaka kumvuta shati. Sikumvuta. Mimi ndiye mtu wa mwisho mwenye haki ya kumvuta mtu yeyote shati kwa jambo hilo, na nitaeleza kwa nini.

Habari za wazazi wangu na za shule niliyosoma hazimsaidii mtu, kwa hiyo naziacha. Nasimulia mwaka mmoja tu, ule uliofuata njaa kubwa ya miaka ya themanini. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilipata kazi ya ukarani wa shamba katika kituo hicho, upande wa Makueni: kupima urefu wa mimea kwa rula, kuhesabu maua, kuandika daftarini. Nilipanga chumba kwa Mama Mwende, ambaye alikuwa kibarua hapo hapo kituoni. Chumba changu kiliungana na jiko lake, kwa hiyo moshi wake ulikuwa wangu na maneno yake yalikuwa yangu. Asubuhi nilimsikia akisali kwa sauti kama anayegombana na jirani. Jioni tulikula isyo, mahindi na kunde zilizochemshwa pamoja mpaka zikalainika, na siku ya bahati kulikuwa na majani ya kunde yaliyokaangwa kwa kitunguu. Nyumba hiyo ilikuwa na watu watatu tu: yeye, mimi, na binti yake Mwende, aliyekuwa na cherehani kwenye baraza moja sokoni. Mwende alinizidi mwaka mmoja. Alikuwa ameposwa na mwalimu kijana kutoka Kikima, na mama yake hakuwa na hadithi nyingine. Ukimwambia mvua imekuja, atakuambia imekuja kwa ajili ya harusi.

Mkuu wetu tulimwita Daktari. Hakuwa wa hospitali, alikuwa daktari wa mimea, na aliishi Nairobi akija kwetu mara moja kwa mwezi na viatu vyake safi. Vuli ile alituletea mbegu za kunde ambazo, alivyotueleza mwenyewe tukiwa tumepanga mstari mbele ya stoo, zilikuwa zimepigwa mionzi katika maabara ya mbali ili zibadilike. Alisema ndani ya kila mbegu kuna maandishi ya urithi, na mionzi huyavuruga herufi hapa na pale. Mengi ya mabadiliko hayo hayafai kitu, lakini huenda moja likatupa kunde inayokomaa kabla mvua haijakata. Kizazi cha kwanza kilikuwa kimeshapandwa kwingine. Hiki chetu kilikuwa cha pili, na ndicho ambacho mabadiliko yaliyojificha huanza kujitokeza. Naomba msomaji akumbuke kwamba maneno hayo yalitoka kinywani mwake. Shamba liligawanywa sehemu nne, kila kibarua na yake. Sehemu ya Mama Mwende, ile ya chini karibu na ua, ilipandwa ukoo namba kumi na saba, mbegu zote za mmea mmoja.

Kabla ya kupanda, kila shimo lilitakiwa kutiwa gao la chokaa, konzi moja ya mkono, kwa kuwa udongo ule ulikuwa umepimwa ukaonekana una upungufu. Ilikuwa chokaa ya kuchomwa, ile inayokula ngozi, na hakuna aliyewapa vibarua glavu. Siku hiyo mimi nilitumwa Kitui mjini kuchukua mifuko ya karatasi ya kukusanyia maganda. Niliporudi jioni nilimkuta Mama Mwende ameketi jikoni na mikono ameiinua mbele yake, viganja vimepasuka na ncha za vidole ni nyekundu. Mwende alikuwa akimlisha kwa kijiko, wanacheka wote wawili. "Ona mzee amerudi utoto," Mwende aliniambia. Nilichukua mafuta ya mbarika nikampaka, kidole kimoja kimoja, naye akisonya. "Chokaa ya hawa watu ni shetani," alisema. "Lakini hakuna shimo nimeruka. Hata moja. Daktari akikuja atakuta kunde imenipita mimi." Nilimpaka mikono yote miwili. Nayasema haya mapema ili yajulikane.

Kunde zilichipuka vizuri kila mahali. Wiki ya nne Mama Mwende aliniita kutoka mwisho wa shamba. "Ndunge, kuja uone hii maajabu." Katika sehemu yake, mimea mingine ilisimama imara, na mingine katikati yake ilikuwa inakufa ncha. Majani ya chini yalikuwa mabichi na mazuri, ila yale machanga ya juu yalijikunja, yakawa meusi pembezoni, na kile kichipukizi cha katikati, ambacho ndicho mwanamke wa kwetu hukichuma kwanza kwa mboga, kilikuwa kimeoza. Alichuchumaa, akagusa mgonjwa, akagusa mzima wa jirani yake. "Udongo ni moja. Mvua ni moja. Mkono yangu ni moja. Sasa huyu analia njaa na huyu ameshiba, kwa nini?" Kisha akajijibu. "Hizi ni watoto wa mama moja. Kuna kitu kwa damu yao." Nikahesabu kwa rula na daftari langu. Ilikuwa takriban mmea mmoja kati ya minne, tena bila mpango: mara wagonjwa wawili wamefuatana, mara mstari mzima hauna hata mmoja. Shuleni nilikuwa nimefundishwa hesabu hiyo ya mmoja kwa watatu, ni hesabu ya urithi uliojificha kwa wazazi ukajitokeza kwa watoto. Nilisisimka mpaka nikasahau chakula cha mchana.

Kwenye pakiti ya ukoo huo zilibaki mbegu chache. Mama Mwende alisema tuzijaribu nyumbani. Tulitoboa makopo kumi na moja ya mafuta ya kupikia, tukayajaza udongo wa zizini, na kila kopo yeye akalitia majivu ya jikoni na mimi nikalitia chokaa niliyoikung'uta kutoka kwenye gunia tupu, nyingi kuliko mmea wowote ungehitaji. Tukayapanga nyuma ya jiko. Yakaota yote. Kisha, yalipofika wiki ya nne, matatu yakaanza kufa ncha. Mama Mwende aliyazunguka akicheka kwa mshangao. "Chakula iko hapa mpaka mdomoni, na haili!" Hivyo ndivyo ilivyokuwa, na hakuna msomi aliyenieleza vizuri zaidi tangu siku hiyo.

Wazee wa Kikima walikuwa waje mwisho wa mwezi kuleta mbuzi wa posa, na nyumba ilikuwa ya udongo mtupu. Jumamosi mbili tulishuka mtoni sisi watatu, tukachimba ule udongo mweupe unaopatikana kwenye kingo, tukapanda nao mgongoni kwa viondo. Nyumba nyingi za kwetu zilipakwa huo. Tuliukoroga na maji, tukapaka kuta kwa matambara, Mwende akichora ua jekundu kando ya mlango, mama yake akimkaripia kwamba ua lenyewe limepinda. Nilikuwa na udongo huo kwenye nywele siku mbili. Wazee walikuja, wakala, wakasifu nyumba. Tarehe ya kurudi kukamilisha mambo ikapangwa baada ya Krismasi.

Kisha Daktari akaja, akiwa na wageni wake watatu wa kuonyeshwa shamba. Sehemu tatu za juu zilimpendeza. Alipofika ya chini alisimama, na mbele ya wageni uso ukambadilika. Alichuma ncha moja iliyokufa, akaivunja. "Hii ni njaa ya chokaa," alisema. "Hata mtoto anajua. Mmea haumegi chokaa ya majani ya zamani kulilisha jani jipya, ndiyo maana unaanza kufa juu." Alikuwa sahihi kabisa, na hapo ndipo kosa lilipoanza. Hakumwita mtu, hakuomba daftari langu. Nikiwa nyuma ya stoo nilimsikia akiwaeleza wageni, sauti yake imejaa ucheshi: "Anaweka mashimo matatu, la nne anapeleka nyumbani. Ni hesabu rahisi. Hawa akina mama ukiwapa chokaa wanapaka nyumba." Wakacheka. Mtu aliyetuletea mbegu zilizopigwa mionzi ili zibadilike, zilipobadilika akatafuta mwizi. Wizi una mpangilio, bwana. Mtu anayeruka shimo la nne huruka la nne, la nane, la kumi na mbili. Zile zetu zilitawanyika ovyo, jinsi urithi unavyotawanya, na angetembea mstari mmoja tu akihesabu, angeona. Aliogopa viatu kuchafuka.

Mchana huo dereva alitumwa kuiangalia nyumba ya Mama Mwende, akarudi na kusema ni nyeupe pepe. Ndipo nikaitwa ofisini. Ilikuwa chumba kidogo chenye harufu ya dawa ya wadudu, na mezani palikuwa na barua yangu. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikiisubiri barua hiyo, ya kunipendekeza kwenda chuo cha kilimo. Ilikuwa imeshapigwa taipu na jina langu limo, imebaki kutiwa sahihi. Kalamu ilikuwa juu yake. Daktari hakunitisha, nataka niseme ukweli. Aliniuliza kwa upole: "Ulimwona akiweka chokaa?" Nikasema, "Hapana, Daktari, siku hiyo nilikuwa Kitui." Hilo lilikuwa kweli. "Unaishi kwake. Ile nyumba imepakwa nini?" Niliitazama barua. Nilikumbuka udongo wa mto chini ya kucha zangu, nilikuwa na makopo kumi na moja nyuma ya jiko, nilikuwa na daftari kwapani lenye hesabu ya kila mmea. Nikasema, "Sijui, Daktari."

Alitia sahihi nikiwa bado nimesimama.

Mama Mwende alifukuzwa jioni hiyo mbele ya vibarua wote. "Mikono yangu ona!" alimwambia Daktari, akainyoosha. "Mtu ameiba chokaa na mkono inaungua hivi?" Mikono ilikuwa imeshapona, wiki zilikuwa zimepita, ni makovu tu, na kati ya wote waliokuwa pale mimi peke yangu ndiye niliyeiona ilipokuwa mibichi. Alinitafuta kwa macho. Niliinama kufunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Siku ya pili Daktari aliagiza ukoo wa kumi na saba wote ung'olewe na kuchomwa, kwamba umeharibika kwa uzembe, nami nikaandika daftarini: umechomwa. Habari zilipanda mlima mpaka Kikima kabla ya Jumapili. Wale wazee walikuwa watu wa kanisa, walituma ujumbe wa adabu sana kwamba wanaomba muda wa kuomba. Mpaka leo bado wanaomba. Mwende alirudi sokoni kwenye cherehani yake, na mwalimu akaoa mwingine mwaka huo huo.

Mchana mmoja nikiwa chumbani kwangu nilisikia kishindo ukutani. Kilikuwa kishindo cha jembe. Mama Mwende alikuwa akiukwangua ule udongo mweupe, ukuta baada ya ukuta, peke yake, na alipofika upande wangu nilikaa kitandani nikausikia ukikwanguliwa sentimita chache kutoka sikioni. Alipomaliza alinipakulia chakula kama kawaida, majani yangu ya kunde akiniwekea pembeni ya sahani. Ningependa angenitukana. Januari niliondoka na barua yangu. Alinifungia viazi vitamu vya njiani.

Nimekuwa mwalimu wa mimea kwa miaka mingi, na ninajua sasa nilichokuwa nakiangalia kwenye yale makopo, au ninasadiki ninajua. Kila chembe hai ya mmea ina ngozi, na katika ngozi hiyo kuna milango midogo inayofunguka kwa kipimo kuingiza kalisi, ambayo ndiyo kitu chenyewe kilicho ndani ya chokaa. Mmea hauitumii kwa chakula tu. Kalisi ikiingia kwa wakati wake, ndiyo ishara: kijinywele cha mzizi kinajua kurefuka, chavua inajua njia ya kuteremka mpaka kwenye yai, ncha inajua ni wakati wa kuzaa jani jingine. Mlango huo hujengwa kwa kufuata maandishi ya urithi. Herufi moja ikikosewa, mlango unaweza kujengwa usifunguke, na hapo unaweza kuuzika mmea ndani ya chokaa hadi shingoni, ncha itakufa tu. Mmea wenye nakala moja mbovu na moja nzima huonekana mzima, ila watoto wake, mmoja kati ya wanne, hurithi zile mbovu mbili. Niliposoma habari hizi mara ya kwanza, maktabani, nilifunga kitabu nikatoka nje. Baadaye niliwafundisha wanafunzi wangu kila mwaka, kwa mfano wa kunde, bila kutaja nilizijulia wapi. Nilikuwa nikimchukia Daktari kwa moyo wote, na nakiri chuki hiyo ilinipa raha. Mtu ukimchukia mwingine kwa bidii kama hiyo, unapumzika na nafsi yako. Alikufa zamani akiwa na heshima zake. Sikurudi kwa Mama Mwende hata mara moja, mpaka niliposikia amefariki. Nilijiambia ushahidi ulichomwa, sasa nitarudi na nini?

Mazishini mchungaji aliuliza kama kuna rafiki wa zamani mwenye neno fupi. Nikasimama. Neno langu halikuwa fupi. Nilisema mbele ya hema lote kwamba marehemu aliweka chokaa katika kila shimo, kwamba nilimpaka mafuta mikononi jioni hiyo hiyo, kwamba nyumba yake ilipakwa udongo wa mto na mimi niliubeba, kwamba niliulizwa nikasema sijui ili nitiliwe sahihi barua. Sauti ilinitoka kali kuliko nilivyokusudia. Yule mzee wa mbele yangu alikuwa akitazama kofia yake. Mchungaji alisema amina. Nilipoketi ndipo nilipoiona nyumba vizuri, nyuma ya hema: majirani wote wamepaka rangi, kijani, bluu, krimu, na ya Mama Mwende ilikuwa bado ya udongo mtupu.

Baada ya kaburi kufunikwa, Mwende alinijia. Hakuolewa. Nywele zake zilikuwa nyeupe kuliko zangu. Hakunipa mkono, alisema tu, "Kuja," nikamfuata mpaka nyuma ya jiko. Pale tulipopanga makopo palikuwa na mistari miwili ya kunde, changa, za wiki ya nne au ya tano hivi, zimepaliliwa vizuri. Niliinama. Nyingi zilikuwa nzima. Hapa na pale katikati yake kulikuwa na iliyokufa ncha.

"Alivuna zile za kopo," Mwende alisema. "Zile zilipona. Maganda ya kila mama, yaani kila mmea, anafunga kwa kitambaa yake, hachanganyi. Akipanda, ile mama imezaa wagonjwa, ndugu zao wazima ndio anaweka mbegu. Kila vuli. Mgeni akikuja anamleta hapa. Anamwambia, weka chokaa yote unataka, hesabu mwenyewe. Niambie nani ameiba hapa."

Niliwahi kufundisha wanafunzi wa chuo kuutunza ukoo wa namna hiyo, na wengi waliupoteza kwa misimu miwili. Yeye aliutunza miaka zaidi ya thelathini, kwa vitambaa na majivu, ili ajitetee kwa watu ambao hawakuwa wakisikiliza.

Mwende aliingia jikoni akatoka na kibuyu kidogo kilichozibwa kwa gunzi. Akakiweka mikononi mwangu. Kilikuwa chepesi, na mbegu zililia ndani.

"Chukua. Mimi nimechoka kuzipanda."

Nikamuuliza, nikijua sina haki ya kuuliza, kwa nini mama yake hakunitumia hata salamu. Alijua nilikofundisha. Ningekuja.

"Alisema usiitwe. Alisema utakuja mwenyewe useme." Alifuta mikono kwenye leso yake. "Leo umesema, nimesikia, watu wamesikia. Lakini Ndunge, ungesema akiwa na masikio."

Kisha akarudi kugawia watu chakula, na mimi nikabaki pale na kibuyu.